Miguu Inayokakamaa

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa konzo.

Mutoto amelala mzima. Asubuhi anasimama, miguu inatetemeka, imekakamaa kama mti. Magoti yanavutana, anatembea kwa vidole. Hana homa, wala hasikii maumivu. Majirani wanasema, "Amelogwa." Hapana, mama. Hakuna aliyemloga, na hawezi kuambukiza wengine. Konzo inatoka ndani ya chungu.

Muhogo mchungu una sumu. Wazee walijua kuitoa: waliulowesha siku tatu, kisha wakauanika. Lakini njaa ikiingia, au vita, tunaharakisha. Tunaulowesha usiku mmoja tu, tena tunakula bugali bila mboga ya maana. Hivyo konzo ilipiga Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka 1985. Mwaka 2011 waganga waliandika kwamba imeonekana hapa kwetu Kivu ya Kusini, kule Burhinyi. Inashika zaidi watoto, na wamama wenye umri wa kuzaa.

Jinsi ya kujikinga:

1. Menya muhogo, ulowesha siku tatu kamili, uanike mpaka ukauke kabisa.
2. Kama unga umenunuliwa sokoni na una mashaka nao, uchanganye na maji, utandaze mwembamba juani saa mbili, ao kivulini saa tano. Sumu itatoka na hewa. Upike siku ile ile.
3. Usiuze ndagala zote. Bakiza za watoto wako. Ndagala, maharagi na mayai husaidia mwili kushinda sumu.

Na kama mutoto amekwisha kupatwa? Umlete hospitali upesi. Dawa ya kuponya konzo haijapatikana, lakini usimwache akae kitako siku nzima, maana viungo vitajikunja na kubaki hivyo. Asubuhi na jioni umlaze chali. Nyoosha goti polepole, kisha sukuma wayo kuelekea juu, ushike huku ukihesabu mpaka ishirini, uachilie. Rudia mara kumi. Usivute kwa nguvu. Umtafutie fimbo atembee, aende shule pamoja na wenzake.

Angalisho: mutoto mchanga akikakamaa na kushindwa kunyonya, ao kiungo kikivimba na kuwa na moto, hiyo si konzo. Usingoje kesho, kimbia hospitali.

Mama, siku tatu za kungoja muhogo ni kidogo. Miguu ya mutoto ni ya maisha yote.