Mwenda Jean Bosco, Fundi wa Gitaa



Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu mmoja aliyekuwa fundi mkuu wa gitaa na mtunzi wa nyimbo. Nimemchagua kwa sababu. Katika vijiji vyetu, toka Nandagala mpaka Ruangwa na Nachingwea, mzazi amwonapo mwanawe ameshika gitaa la debe lenye nyuzi za waya, mara nyingi husikitika na kusema, "Huyu amekwisha potea." Basi sikilizeni kwanza habari hizi, kisha mpime wenyewe kama maneno hayo ni ya haki.

Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 katika Kongo, nchi iliyotawaliwa wakati ule na Wabelgiji. Kabila lake ni Wayeke wa Bunkeya, na asili ya watu hao si mbali nasi. Msiri, aliyeusimamisha ufalme wao, alikuwa Msumbwa, mtu wa pande za Unyamwezi. Alikwenda Katanga katika karne ya 19 kwa ajili ya biashara ya shaba na pembe za ndovu, akapata nguvu, akatawala hata alipouawa mwaka 1891. Kwa hiyo tumsifupo Bosco twamsifu mtu ambaye wazee wa ukoo wa watawala wake walitoka katika nchi hii yetu.

Bosco alikulia Jadotville, mji uitwao Likasi siku hizi. Ni mji wa migodi ya shaba. Watu wa makabila mengi walikwenda huko kutafuta kazi, na kwa kuwa lugha zao za nyumbani zilikuwa mbalimbali, walisemezana kwa Kiswahili. Nachingwea nayo ilipata kuona jambo la namna hiyo, mpango mkubwa wa karanga ulipoletwa huko katika miaka ya mwisho ya 1940: wageni wa kila upande, kambi moja, lugha moja. Mahali kama hapo kila mtu huja na wimbo wa kwao, na jioni nyimbo hukutana.

Gitaa lenyewe ni chombo cha Ulaya, ndugu wa mandolini ya Waitalia. Lakini vijana wa Katanga hawakukiacha kiseme lugha ya ugenini tu. Walikifundisha kusema yao. Katika kazi hiyo Bosco aliwapita wengi.

Sasa natuutazame ufundi wake. Gitaa lina nyuzi sita, tatu nene na tatu nyembamba. Bosco alizipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilishika nyuzi nene, kikienda sawasawa bila kuchoka, kama mtu atwangaye mpunga. Kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, kikiingia katika nafasi zilizoachwa na mwenzake. Mara nyingi kimoja huhesabu mbili, na kingine huhesabu tatu. Asikiaye pasipo kuona hudhani kwamba ni watu wawili wenye magitaa mawili. Lakini ninyi mliozoea ngoma mwaijua siri hiyo: ngoma kubwa husema neno lake, ndogo hujibu lake, na utamu hutoka katika kukutana kwao. Tena hakurudia jambo lile lile mara zote. Kila mzunguko aligeuza kidogo, akaongeza hapa, akapunguza pale, wala wimbo haukupotea njia.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasia sauti, alimkuta Bosco Jadotville akiwa kijana wa miaka 22. Akainasa sauti yake na gitaa lake. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo ule uitwao "Masanga". Nyimbo zikatiwa katika santuri, na santuri zikaenda mahali ambapo mwenyewe hajafika. Mwaka 1959 alikuja Nairobi, akakaa miezi kadhaa, na wapigaji wengi wa Kenya wakajifunza kwake. Mwaka 1969 alivuka bahari, akapiga katika tamasha kubwa la nyimbo za wenyeji huko Newport, Marekani.

Hata wataalamu walimwendea kama wanafunzi. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London, alichapisha maandishi marefu juu ya upigaji wake, akiziandika sauti za gitaa moja moja kwa alama za muziki. Fikirini jambo hilo: mwalimu wa chuo kikuu ameketi na santuri ya kijana wa mji wa migodi, airudia na kuirudia, apate kujua vidole viwili vilifanya nini.

Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya motokaa nchini Zambia. Nyimbo zake zingalipo, na vijana wa nchi za mbali wangali wakijaribu kuufuata mkono wake.

Wasikilizaji, jambo lenyewe ni hili. Tracey angalipita njia nyingine siku ile, huenda leo tusingalimjua Bosco. Na katika vijiji vyetu wamepita mafundi wangapi wa zeze na wa malimba, ambao hakuna mashine iliyowapitia? Wamezikwa, na nyimbo zao zimezikwa pamoja nao. Hasara hiyo ni yetu, wala hapana mgeni wa kulaumiwa kwayo.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msivunje gitaa la debe. Mwulizeni mtoto kama amefanya kazi yake ya shamba na ya shule, na akiwa ameifanya, mwacheni apige. Nanyi vijana, msidhani kwamba ufundi hushuka kama mvua. Vidole viwili vya Bosco vilifundishwa kwa kurudia. Na wewe mwanafunzi ujuaye kuandika, mwendee mzee apigaye zeze kijijini kwenu. Andika jina lake, majina ya nyimbo zake, na mtu aliyemfundisha. Kalamu na daftari vyatosha kwa kuanzia, lakini mzee hangoji.