Jina la Mtoto Aliyezaliwa Ukimbizini

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi ya kambi, Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya haki ya mtoto kuwa na jina. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unaitaja haki hiyo katika kifungu cha 7. Wengi wenu mmekwisha kukisikia kifungu hicho katika semina, kwa hiyo hatutakirudia. Tutaeleza jinsi ilivyotuchukua siku 81, msemaji na mwenzake, kumpa jina mtoto wetu wa kiume aliyezaliwa hapa kambini. Mwenzangu ameridhia tuseme. Bibi yake mtoto naye ameridhia, baada ya kutaka kujua kwanza ni nani na nani watakaokuwapo.

Lakini wageni wetu wa mashirika wanahitaji kuelezwa jambo moja, maana linawasumbua kila wanapojaza fomu. Kwa desturi ya Warundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba aweza kuitwa Bigirimana, mwanawe wa kwanza Niyonkuru, wa pili Ndikumana, na wote ni wa nyumba moja, damu moja. Hakuna udanganyifu. Jina ni sentensi, na mzazi huitunga kwa kuangalia kilichompata. Anayemshukuru Mungu atamwita mtoto Nshimirimana. Aliyeonewa na majirani aweza kumwita Ntibantunganya, yaani hawanitendei haki. Na mtu mwenye jina hilo alikuwa Rais wa Burundi mwaka 1994 hadi 1996. Wengine huhesabu tu: Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, anayewafuata ni Ciza. Mwanachuoni wetu Philippe Ntahombaye aliandika kitabu kizima juu ya majina haya, kikachapishwa kwa Kifaransa mwaka 1983, wala hatudhani kwamba aliyamaliza.

Sasa njooni Buyenzi, Bujumbura, alikozaliwa mmoja wetu. Kule ni mtaa wa Waswahili tangu wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura. Wazee wake walitoka Ujiji, Tabora, Kongo na pwani, wakaoa na kuolewa na Warundi. Mtoto wa Buyenzi huitwa Saidi, au Hamisi, na nyuma yake hufuata jina la baba, na nyuma ya hilo la babu. Mwenzetu wa pili amezaliwa Ngozi, nyumba ambayo kila mtoto ana sentensi yake. Kwa hiyo nyumba yetu ina desturi mbili, na fomu ina kisanduku kimoja cha jina la ukoo. Siku moja tuliulizwa mbele ya watu kama watoto hawa wote ni wetu kweli. Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya, ila mkubwa wetu ana miaka kumi na alisikia.

Na tahajia nayo! Rajabu wa Kiswahili huandikwa Radjabu kwetu, kwa mkono wa Kifaransa. Juma huwa Djuma. Karani wa upande huu akiandika anavyosikia, ndugu wawili watoka kwenye meza moja na majina mawili. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku mtu anaporudi nyumbani, au anapotafuta cheti cha shule, akaambiwa karatasi zake si za mtu mmoja.

Basi, mtoto wetu. Alizaliwa salama, adhana ikasomwa sikioni mwake siku ile ile. Siku ya saba ikafika, siku ya akika na ya jina. Mbuzi hawakupatikana, hilo sheria ya dini inaliruhusu kungoja. Kilichotushinda ni jina.

Mmoja wetu alitaka mtoto aitwe kwa jina la mdogo wake. Kijana huyo alikuwa akiishi Nyakabiga. Tarehe 11 Desemba 2015 kambi za kijeshi za Bujumbura zilishambuliwa, na baada yake watu wengi waliuawa mitaani, Nyakabiga na Musaga zikiwamo. Tangu siku hizo hatujamwona. Tuliuliza hospitali, tuliuliza mahabusu, tuliuliza wenzake wa kazi. Mwaka uliofuata tukavuka mpaka. Hatukuja hapa leo kuzungumza siasa, na jina lake hatutalitaja. Mtaona kwa nini.

Tulipomweleza mama yetu mzazi, bibi yake mtoto, alikataa hapo hapo. "Jina hilo lina mwenyewe," alisema.

Tulijibu kama wasomi. Tulimwambia kwamba kwa Waswahili si kosa mtoto kuitwa kwa jina la baba yake mdogo aliye hai. Huwa wajina wake, na ni heshima. Tulimtolea mifano ya Buyenzi, nyumba hadi nyumba. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wajina ni watu wawili wanaoitika. Hapa mtaita, na ataitika mmoja."

Hatukuwa na la kusema. Lakini ubishi haukuisha siku hiyo, ulikwenda wiki kadhaa. Kliniki mtoto aliandikwa "mtoto wa kiume wa" na jina la mama yake, akapimwa uzito hivyo, akachanjwa hivyo. Majirani walianza kumwita Mgeni. Kuna walioshauri aitwe Mpunzi, yaani mkimbizi kwa Kirundi, tuwe tumekata shauri. Sisi walimu tunaoita majina asubuhi tunajua mtoto anavyoinama anapoitwa kwa jina la namna hiyo na wenzake wakacheka. Wengine walitaka jina la kuwasuta waliotufukuza. Mlimani kwa wazee jina la kusuta lilikuwa na kazi: jirani alilisikia mtoto akiitwa, akajua limemlenga, pengine akaja kusuluhisha. Hapa jirani yetu ni mtu wa mkoa mwingine aliyepoteza zaidi kuliko sisi. Angesutwa kwa lipi?

Siku moja usiku mama mtoto aliuliza swali ambalo tulikuwa tumelikwepa: "Huyu ndugu yetu, wewe unamhesabu wapi?" Mmoja wetu akanyamaza, kisha akakiri. Kwa muda mrefu alikuwa amekwisha kumhesabu miongoni mwa marehemu. Alitaka jina libaki duniani kwa sababu mwenyewe hatarudi. Hakuwahi kulitamka hilo, hata katika dua. Bibi alikuwa amelisikia ndani ya jina kabla yetu sote.

Hatumlaumu aliyeamini hivyo, wala hatumlaumu mama anayegeuka kutazama mlangoni kila sauti ya kiume inapobisha hodi. Katika nyumba moja watu wanaweza kuwa na hesabu mbili. Lakini mtoto hawezi kupewa jina ambalo kila linapoitwa linamkata bibi yake. Na zikibaki siku chache kufika 90, muda ambao sheria ya Tanzania inataka kizazi kiwe kimeandikishwa, ilibidi tuamue.

Jina lilitoka kwa mama mtoto, kwa lugha ya kwao: Ndayizeye. Ndugu wageni, angalieni kile kipande "yi" kilichomo katikati. Hicho ndicho Imana, Mungu, kimejificha ndani ya neno. Ndayizeye ni kusema, namtumaini Yeye. Halisemi kwamba ndugu yetu yu hai, wala halisemi amekufa. Anayengoja analiitikia, na aliyekata tamaa naye analiitikia, maana kila mmoja anatumaini jambo lake. Jina la Kiislamu alichagua bibi, na jina la baba likafuata nyuma kama ilivyo Buyenzi. Kisanduku cha jina la ukoo tulikijaza hivyo, na tukaomba lile la kati lisiachwe.

Kwa wenye watoto wachanga tunaomba jambo la kazi tu: liandikeni jina kwenye karatasi nyumbani, kwa herufi kubwa, mje nayo mezani. Msiliseme kwa mdomo mkaondoka. Na kwa ndugu makarani, mkisomewa sentensi ndefu ya Kirundi msiikate kwa kuwa kisanduku ni kifupi.

Siku ya 81 tulikwenda wote, pamoja na bibi, ingawa hakuhitajika. Karani alituomba turudie herufi mara tatu, akaandika taratibu: Ndayizeye, kwa "y" mbili. Bibi hajui kusoma. Aliomba karatasi ile aishike, akaitazama kitambo, halafu akauliza kama yule mwingine, siku akija, naye ataandikwa kwenye meza hii hii. Karani akamwambia ndiyo, mama, hapa hapa.