Fundi wa Viti Aliyesanifu Redio
Aliyewahi kupapasa swichi ya redio gizani ataielewa kazi ya Jacob Jensen wa Denmark. Mtu huyo, aliyezaliwa mwaka 1926, alianza kama fundi wa kuvalisha viti vitambaa; akahitimu usanifu wa bidhaa za viwandani mwaka 1952, na mwaka 1958 akafungua karakana yake mwenyewe. Kuanzia 1964 hadi 1991 aliisanifia kampuni ya Bang & Olufsen. Katika redio ya Beomaster 1900, ya mwaka 1976, vidhibiti vitumikavyo kila siku aliviweka mbele, vikiguswa tu kwa kidole. Vile vya nadra akavifunika chini ya kifuniko. Uamuzi mdogo, lakini ulimjali mtumiaji kabla ya mtambo. Mwaka 1978 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilionyesha kazi zake. Jensen alifariki mwaka 2015.