Kuhesabu Hasara Baada ya Upepo Mkali
(Maneno ya mwanachama wa reli mbele ya wenzake)



Nimeombwa nieleze habari za upepo uliopita kwetu Nyacheki. Mimi si mtaalamu wa hewa. Lakini kazi ya njia ya reli hufundisha hivi: kabla hujaondoa kilichoanguka, tazama kimelala vipi.

Nilipofika nyumbani jiko la mama halikuwa na paa. Mabati yalikuwa katika shamba la chai la jirani, migomba yote chini. Watu wameshaanza kukusanya. Nikasema, "Ngojeni kwanza." Mama akajibu, "Tungoje nini, mwanangu, mvua nyingine?" Basi nikapiga picha upesi, tukaokota.

Alikuwako Mjapani mmoja, Fujita, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1971 alitoa kipimo cha nguvu ya kisulisuli, tangu 0 mpaka 5. Upepo wenyewe ni vigumu kuupima, maana huvunja vyombo. Kwa hiyo aliukadiria kwa uharibifu uliouacha. Tangu 2007 Wamarekani wanatumia kipimo kilichorekebishwa, nacho hutazama sana nyumba ilijengwaje. Huko Joplin mwaka 2011 watu 158 waliuawa, na wakaguzi walichungulia hata jinsi nyumba zilivyofungwa katika misingi. Kibanda kibovu huangushwa na upepo mdogo.

Fujita aliona pia kwamba miti ikilala kwa kutawanyika kutoka pahali pamoja, huo ni upepo ulioshuka kutoka winguni. Kisulisuli huilaza kwa kuipishanisha. Kwetu mikaratusi yote ilielekea bondeni, hakuna iliyopishana. Kwa hiyo mimi siuiti kisulisuli, ingawa kijiji kizima kinauita hivyo.

Sasa jambo linaloniuma. Paa la jirani, hatua ishirini tu, lilibaki. Limefungwa kwa waya mpaka kwenye boriti. Paa la mama nililipiga mimi mwenyewe wakati wa likizo, nikabania misumari nipate nauli ya kurudi kazini. Nilipohesabu matundu katika mabati niliona haya.

Kwa hiyo orodha yetu isiandikwe "nyumba imeharibika" basi. Iandikwe nani aliumia, mabati mangapi, yalishikwa na nini, mti ulilala upande gani. Na mchango wetu, naomba Kamati ikubali ununue waya na misumari kabla ya bati hata moja.

Daftari liko kwa Katibu. Wenye nyumba upande ule waandikishe kabla ya Ijumaa.