Kazi Isingoje Kupona: Msaada wa Ajira kwa Wenye Maradhi ya Akili

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka)



Mada tuliyopewa inahusu maradhi ya akili na kazi. Aghalabu mambo haya mawili hayatajwi pamoja. Mtu akipatwa na maradhi ya akili, neno la kwanza alisikialo kutoka kwa jamaa zake ni: "Pumzika kwanza, kazi utaifikiria ukishapona." Neno hili husemwa kwa huruma, wala hatumlaumu alisemaye, maana sisi wenyewe tumelisema. Hata hivyo, limewafungia mlango watu wengi mno.

Karibu nasi yupo kijana mmoja, jina lake tunalihifadhi, aliyekuwa fundi seremala. Alipatwa na maradhi ambayo madaktari huyaita skizofrenia, akawa anasikia sauti ambazo wenziwe hawazisikii na kuwaogopa hata ndugu zake. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani na dawa zake. Kwa muda wa miaka mitatu tulimpelekea unga, mchele na sukari kila mwezi, nasi tukajiona tumetimiza wajibu. Siku moja akatuambia: "Wazee, nawashukuru kwa unga. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kama nataka kazi." Tulinyamaza. Miongoni mwetu siku ile walikuwepo watatu wenye maduka na karakana.

Ndipo tulipoanza kutafuta wengine wamefanya nini katika jambo hili.

Huko Marekani na Ulaya, kwa miaka mingi, mgonjwa wa akili aliyetaka kazi alipitishwa katika ngazi ndefu. Kwanza alipelekwa kwenye kituo cha kushinda mchana kutwa, kisha kwenye karakana maalumu ya wagonjwa watupu, ambako alifanya kazi nyepesi kwa malipo madogo. Huko alifundishwa, akazoeshwa, akapimwa, ili siku moja aonekane anafaa kuajiriwa. Kwa walio wengi siku hiyo haikufika. Waliokuwa wakiandaliwa kwa safari wakazeeka kituoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, Robert Drake, daktari wa maradhi ya akili, na mwenzake Deborah Becker, mtaalamu wa urekebishaji, waliigeuza njia hiyo chini juu. Walisema mtu awekwe kazini kwanza, katika ajira ya kawaida yenye mshahara wa kawaida, kisha afundishwe na kusaidiwa akiwa humo humo. Kituo kimoja cha kushinda wagonjwa kilipogeuzwa kuwa huduma ya namna hii, watu walihofu kwamba wagonjwa wangezidiwa na kurudi hospitalini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba hofu hiyo haikutimia, na walioajiriwa waliongezeka.

Njia hii ina masharti yake, na asiyeyafuata hafanyi jambo lile lile hata akiliita kwa jina lile lile. Sharti la kwanza ni kwamba anayetaka kazi asikataliwe. Haulizwi kama amepona, wala hazuiliwi kwa sababu alilazwa mwaka jana. Kutaka kwake kunatosha. Hapa ndipo wengi wetu tunapoona ugumu, nasi tuliuona. Tumezoea kudhani kwamba ukali wa ugonjwa ndio unaoamua nani awezaye kazi, ilhali waanzilishi wa njia hii walikataa kuufanya kuwa kipimo cha kumwingiza mtu au kumwacha nje.

Sharti jingine ni kwamba kazi itafutwe upesi, na mwajiri wa kwanza afikiwe ndani ya siku 30 hivi. Tena itafutwe kazi aitakayo mwenyewe, siyo ile tuliyoiona sisi kuwa inamfaa. Mtaalamu wa ajira, ambaye hapaswi kuhudumia watu zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, huwaendea waajiri huko huko waliko, akajua shida zao na saa zao za kazi. Mgonjwa ndiye aamuaye kama mwajiri aelezwe juu ya maradhi yake au asielezwe. Mtaalamu huyo pia hukaa kikao kimoja na madaktari na wauguzi, kwa sababu dawa na kazi ni mambo yanayogongana kila siku. Mtu akipewa dawa inayomlaza usingizi mzito hadi saa tatu asubuhi, kumtafutia kazi ya alfajiri ni kumtafutia kufukuzwa. Daktari akilijua hilo, anaweza kubadili saa ya dawa au kipimo chake. Tatu, na hili ndilo gharama yake kubwa, msaada haukomi siku ya kuajiriwa. Hauna tarehe ya mwisho iliyopangwa.

Je, njia hii imefaa nje ya Marekani? Mwaka 2007 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Tom Burns wa Oxford, uliofanyika katika miji sita ya Ulaya: London, Ulm, Rimini, Zurich, Groningen na Sofia. Wagonjwa 312 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa msaada wa namna hii, nusu wakapewa huduma bora ya mafunzo iliyokuwapo mahali pao. Katika miezi 18, waliofanya kazi angalau siku moja walikuwa asilimia 55 katika kundi la kwanza na asilimia 28 katika la pili. Waliorudishwa hospitalini walikuwa asilimia 20 kwa 31. Tunawaomba wazazi waliohudhuria waizingatie tarakimu hii ya mwisho, kwani hofu yao kubwa ndiyo hiyo, kwamba kazi itamrudisha mtoto wodini.

Lakini tusidanganyane. Asilimia 45 ya kundi la kwanza hawakupata hata siku moja ya kazi. Na wengi wapatao kazi kwa njia hii hufanya saa chache, kazi nyingine zisidumu, ikabidi kuanza upya. Kupoteza kazi ya kwanza huhesabiwa kuwa ni jambo la kujifunza, haliwi sababu ya kumwondoa mtu katika mpango.

Nchini mwetu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawahesabu humo wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu. Lakini maduka yetu hayafikii watu 20, na kuisubiri sheria itufikie ni kuongeza miaka mingine ya unga na sukari.

Basi tulirudi kwa kijana yule tukamuuliza anataka kazi gani. Tulikwisha mpangia moyoni arudi useremala. Akakataa katakata. Alisema dawa zinamtetemesha mikono, na msumeno wa umeme anauogopa. Alichotaka ni kuuza mbao, kwa kuwa anazijua. Hutofautisha mninga na mvule kwa kugusa tu. Mmoja wetu, kwa idhini yake, akazungumza na mwenye duka la mbao, wakapatana apokee na kuhesabu mzigo ghalani, saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu, siku tano kwa wiki, kwa ujira ule ule wapewao wengine kwa saa hizo. Muuguzi wa kliniki anapohudhuria ameelezwa.

Sasa ni mwezi wa tano. Mara mbili hakufika kazini, na mara ya pili mwenye duka alitaka kumwacha; tulikwenda tukakaa nao wote wawili mpaka magharibi, wakaelewana kwamba akijisikia vibaya atume habari kabla ya saa sita. Ndugu yetu ambaye humtembelea kila wiki anahamia Tabora mwezi ujao, na mwenye duka ametuuliza ni nani atakayemwita mambo yakiharibika. Hatujapata jibu la kumpa. Walio tayari waandikishe majina kwa Katibu leo, kabla mkutano haujafungwa.