Akipata Nafuu, Asiache Dawa
Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands



Kisa hiki kinajulikana mitaani. Kijana anaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Halali usiku, anamshuku jirani, anaamini kuna watu wanaomfuata. Familia inampeleka Hospitali ya Mathari, Barabara ya Thika, na anaanzishiwa dawa. Baada ya miezi michache ametulia, amerudi kazini. Ndipo mtu anamwambia: "Si umepona? Dawa za nini tena?" Anaziacha. Haupiti muda, sauti zinarudi.

Ugonjwa huo ni skizofrenia. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba humpata takriban mtu 1 kati ya 300 ulimwenguni. Si laana, wala hausababishwi na malezi mabaya. Mathari ilianzishwa mwaka wa 1910, lakini dawa ya kwanza iliyotuliza ugonjwa huu, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka wa 1952.

Je, dawa zinasaidia kiasi gani? Mwaka wa 2012, jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65. Kati ya kila wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja. Kati ya 100 walioachishwa na kupewa vidonge visivyo na dawa, walirudiwa 64. Dawa hazimkingi kila mtu, lakini tofauti hiyo ni kubwa.

Wanaoziacha huwa na sababu. Baadhi ya dawa hukaza misuli, hutetemesha mikono, huleta usingizi au huongeza uzito. Malalamiko hayo ni ya kweli, na mahali pake ni kliniki. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Anayesahau vidonge anaweza kupewa sindano ya kila mwezi. Asiyesaidiwa na dawa mbili tofauti anaweza kupewa klozapini, ambayo humlazimu kupimwa damu mara kwa mara kwa kuwa inaweza kupunguza chembe nyeupe. Tiba ya umeme, inayoogopwa na wengi, hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Husaidia hasa mgonjwa aliyeganda, asiyesema wala kula.

Familia iweke tarehe ya kliniki mahali pa kuonekana. Mgonjwa akikosa usingizi siku kadhaa au akianza kujitenga, asisubiriwe azidiwe. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, au mhamasishaji wa afya ya jamii aarifiwe. Bangi aiepuke, kwani huuchochea ugonjwa.

Jirani mwenye presha humeza vidonge kila siku, na hakuna anayemuuliza atapona lini. Mgonjwa wa skizofrenia naye aachwe ameze dawa zake kwa amani.