Chemba ya Biashara ya Mkoa Yatufaaje Sisi Watu wa Mnazi?

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za chama ambacho jina lake husikika mara nyingi mijini, lakini huku kwetu, chini ya milima ya Usambara, wajuao kazi yake ni wachache. Chama hicho ni chemba ya biashara ya mkoa. Wengine hudhani ni duka kubwa, na wengine hudhani ni ofisi ya kodi. Si duka, wala si ofisi ya kodi.

Neno chemba latoka katika Kiingereza, na maana yake ni chumba, yaani mahali wanapokaa watu kushauriana. Chama cha namna hii kinachotajwa kuwa cha kwanza kilianzishwa mwaka 1599 katika bandari ya Marseille, nchi ya Ufaransa. Wafanyabiashara wa mji ule walitambua kwamba mtu mmoja hawezi kuilinda biashara ya bandari nzima, basi wakaungana. Hapa Tanzania chemba yetu ni TCCIA, yaani Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo. Ilianzishwa mwaka 1988, ikajitandaza mikoani, nasi wa Lushoto tumo katika mkoa wa Tanga. Liangalieni sana neno lile la mwisho, kilimo. Halikuwekwa kwa kupamba jina. Mkulima naye amehesabiwa humo.

Kazi za chemba zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Ya kwanza ni kupasha habari na kufundisha: soko li wapi, leseni hupatikanaje, hesabu za biashara huandikwaje. Ya pili ni kushuhudia. Mtu apelekaye mali nchi nyingine huenda akatakiwa cheti cha uasili, yaani hati ya kuthibitisha kwamba mali ile imetoka nchi yetu. Na chemba ni miongoni mwa wenye kutoa hati hizo. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kusema kwa niaba ya wengi. Tangu kuundwa Baraza la Taifa la Biashara mwaka 2001, yamewekwa pia mabaraza ya biashara ya mikoa na ya wilaya. Katika baraza la mkoa Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti, na watu wa serikali hukaa pamoja na watu wa biashara. Humo chemba hupeleka maneno ya watu wake.

Huenda mtu akauliza, “Maneno yana faida gani? Sisi twataka barabara na bei njema.” Ni swali la haki. Nitalijibu kwa mambo mawili tunayoyajua.

Jambo la kwanza ni njia. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea hata Moshi. Reli ile ilipita upande wa kusini wa milima. Mnazi yetu iko upande wa kaskazini, katika nyika inayoelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya, na milima imesimama katikati. Njia hufuata mahali penye mali, lakini hufuata pia mahali penye sauti. Wenye mashamba ya mkonge walilijua jambo hili. Walikuwa na chama chao, wakisema kwa kinywa kimoja. Na mwaka 1944 walianzisha ofisi ya kuwatafutia vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wale manamba waliokata mkonge, na wakulima wadogo waliolima mahindi kando ya mashamba yale, hawakuwa na kinywa kama hicho. Basi mambo mengi yalipangwa kwa kufuata haja ya mkonge.

Jambo la pili ni lumbesa. Kila mkulima wa Usambara alijua neno hili. Ni gunia lililojazwa hata mdomo wake haufungiki, likashonewa kilemba juu, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Ninyi wanafunzi, shikeni kalamu. Tuseme gunia la viazi ni kilo 100, na kilemba chake ni kilo 30. Mkulima akiuza magunia kumi ya namna hiyo, ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Amelipwa kumi, ametoa kumi na matatu. Ada za shule za mtoto zimo ndani ya vile vilemba.

Sheria ya vipimo ipo, na gunia la mazao halitakiwi kupita kilo 100. Mbona basi lumbesa haifi? Kwa sababu mkulima yuko peke yake. Kabichi na nyanya hazingoji. Akimwambia mnunuzi, “Sishoni kilemba,” mnunuzi humwendea jirani. Kijiji kizima kikikataa, huenda kijiji kingine. Wilaya nzima ikikataa, lori laweza kugeuza njia likaenda mkoa mwingine. Hata mnunuzi mwema amefungwa, maana akinunua kwa mizani, mwenzake aliyenunua lumbesa atauza Kariakoo kwa bei ndogo kuliko yeye. Ugonjwa huu hautibiwi na kijiji kimoja. Wahitaji mahali ambapo mkulima, mnunuzi na mwenye lori hukaa pamoja, wakapatana kipimo kimoja kwa mikoa yote, kisha wakaitaka serikali iwasimamie wote sawasawa. Mahali pa namna hiyo ndipo chemba ipaswapo kuwa.

Nasema ipaswapo kuwa, kwa maana sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chemba yaweza kuwa ya wenye maduka makubwa ya mjini tu, wakakutana, wakasema shida zao, na mkulima wa Mnazi asitajwe. Hapo haitakuwa na makosa ya kusema uongo, bali itakuwa imesema nusu ya kweli. Na biashara isiyo na haki kwa wadogo tuliiona zamani katika milima hii. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, penye njia ya misafara. Biashara ilikuwa kubwa na bunduki zikapatikana, lakini katika vita vile watu walikamatwa wakauzwa pwani. Soko lilistawi, nchi ikaharibika. Kwa hiyo wingi wa biashara peke yake si maendeleo.

Msiichanganye chemba na chama cha ushirika. Ushirika, kama ule wa KNCU wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, hukusanya mali ya wanachama na kuiuza. Chemba hainunui wala haiuzi mazao. Ushirika ni mikono, na chemba ni kinywa. Mtu ahitaji vyote viwili.

Basi tufanye nini? Kwanza, wenye biashara ndogo, wakulima na wafugaji wajiunge katika vikundi, maana mtu mmoja mmoja hasikiki mbali. Pili, waandike: magunia mangapi yameuzwa, uzito gani, bei gani, siku ngapi gari limekwama wakati wa mvua. Malalamiko hupita kama upepo, lakini hesabu iliyoandikwa hubaki mezani na kutaka jibu. Hapa ninyi wanafunzi mwaweza kuwasaidia wazazi wenu mara moja. Tatu, wamchague mtu mwaminifu wa kupeleka hesabu zile kwenye chemba na kwenye baraza la biashara la wilaya, kisha wamtake arudi kuwaeleza alilojibiwa. Mjumbe asiyerudi ni sawa na barua iliyopotea.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Milima haitahama, nasi hatutahama. Lakini sauti yaweza kuivuka milima, ikiwa ni ya wengi na ina hesabu mkononi.